Maswali na Majibu: Bango "linapendeza", lakini kwa nini?

SWALI: Nafundisha usanifu wa grafiki katika chuo cha ufundi. Nikitoa zoezi la bango, wanafunzi hukimbilia violezo vya kwenye simu. Nikimuuliza mmoja kwa nini ametumia rangi fulani, ananiambia "inapendeza tu, mwalimu." Nitawafunzaje kufikiri?
— Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, anza kwa kulitazama zoezi lenyewe. "Tengeneza bango la usalama ziwani" halina la kuumiza kichwa. Kiolezo hulimaliza kwa dakika tano. Taja mtu, mahali na saa: wavuvi wa omena (dagaa) pale Dunga, ufuoni Kisumu, wanaoingia ziwani jioni, wavae jaketi za kuokolea maisha. Hapo ubishi unaanza wenyewe. Liandikwe kwa Kiswahili au Dholuo, lugha ya Wajaluo? Libandikwe wapi, na msomaji atasimama umbali gani, huku amebeba nyavu?

Siku ya kwanza kompyuta zizimwe. Kila mmoja achore vijimchoro 20 kwa penseli, kila kimoja kiasi cha kisanduku cha kiberiti, kwa dakika 40. Vitano sita vya mwanzo vitakuwa vile vile vilivyojaa kutani mjini. Kufikiri huanza mtu anapoishiwa. Tia sahihi na tarehe papo hapo, la sivyo watavichora bango likishaisha ili kukuridhisha.

Kisha leta rula. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, kila mita 3 za umbali huhitaji herufi ya urefu wa sentimita 2.5 ili isomeke bila taabu. Kwa mita 10 ni takriban sentimita 8. Sasa mwambie mwanafunzi aandike JAKETI kwa kimo hicho kwenye karatasi ya A3 iliyosimama, yenye upana wa sentimita 29.7. Herufi sita zitaingia kwa kubanana, na yeye alikuwa na sentensi ya maneno tisa! Lazima achague: apunguze maneno, aongeze karatasi, au bango lisogezwe pale wavuvi wanapopita karibu. Uchaguzi huo na sababu zake ndivyo unavyosahihisha.

Rangi nazo zipimwe. Jioni jicho hupoteza rangi kabla ya kupoteza tofauti ya mwanga na giza, na nyekundu hufifia mapema kuliko buluu. Kwa hiyo maandishi mekundu juu ya buluu iliyokolea, yaliyong'aa kwenye skrini, humezwa jua likitua. Piga bango picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu. Maneno yakipotea kwenye picha, rangi zibadilishwe.

Katika alama 100, tungetoa 40 kwa vijimchoro na sababu, 20 kwa majaribio, 40 kwa kazi iliyokamilika. Ukiupa umaridadi 90, watarudi kwenye violezo, na hutawalaumu.

SWALI: Darasa langu likikaa kuhakiki kazi, nusu husema "iko poa", na mwenye kazi akiguswa kidogo hununa. Nifanyeje?
— Mkufunzi, Nakuru

JIBU: Mwenye kazi anyamaze dakika tano za kwanza. Wengine wasiseme wanachopenda. Waseme jicho lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, na wameelewa wafanye nini. Ndipo yeye asome sentensi moja ya kusudi aliyoiandika kabla ya kuanza. Kama watano kati ya wanane wameona nembo kabla ya tarehe ya tukio, hakuna wa kumnunia. Kazi nne kwa kikao zinatosha. Ya tano huwa wameshachoka, na "iko poa" inarudi.