Barua kwa mwanangu kuhusu mahojiano ya Jumanne

Mkomani, Lamu
19 Oktoba 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, wa alhamdulillahi. Mamako ndiye aliyenisomea ujumbe wako, kwa kuwa miwani yangu ingali kwa fundi. Umeniuliza namna ya kujitayarisha kwa mahojiano ya kazi ambayo kampuni ya London itakufanyia kwa video tarehe 28, na kama ni afadhali uje uyafanyie nyumbani au ubaki Malindi chumbani mwako.

Hilo la mahali ni jepesi: baki Malindi. Najua nyumba yetu ni tulivu kuliko mtaa wenu wenye karakana ya kuchomelea vyuma, lakini umesahau kuta zake. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, ni rehema wakati wa joto na ni balaa kwa intaneti. Tukitaka kuzungumza na shangazi yako wa Mombasa hutubidi tupande juu darini, na huko upepo ukivuma yeye hudhani tumo mashuani. Nenda kwa yule fundi wa karakana siku moja kabla, umwombe saa moja tu ya kimya, na usiende mikono mitupu. Mahamri ya moto yatakufikisha mbali kuliko maneno.

Sasa wakati, kwa sababu hapo umekosea. Umeandika kwamba saa nne asubuhi ya London ni saa sita mchana kwetu. Leo ni kweli, ila Jumanne hiyo haitakuwa kweli, kwani Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka huu ni tarehe 26, na tofauti baina yao na sisi huwa saa tatu badala ya mbili. Mahojiano yako basi ni saa saba mchana. Una bahati kuwa kosa lako lingekuwahisha. Wanapozisogeza saa mbele mwezi wa Machi, anayesahau huingia wenzake wakiagana. Tena saa saba ni bora kwako, maana utakuwa umeshaswali adhuhuri, na adhana ya msikiti ulio nyuma ya chumba chako itakuwa imekwisha.

Kuhusu mwanga, nisikilize mimi niliyeaibika. Mwaka 2021 shirika fulani lilinihoji kwa video kwa kazi ya kutafsiri, nami nikakaa nimelipa dirisha mgongo ili waione bahari. Baadaye mmoja wao aliniambia, kwa adabu, kwamba walizungumza dakika ishirini nzima na kivuli kilichovaa kofia. Wewe lielekee dirisha. Kipakatalishi kiweke juu ya vitabu mpaka kamera iwe sawa na macho yako, kwani kikikaa mezani hivi hivi wataona tundu za pua na feni ya darini. Stima ikikatika, kile kisanduku cha intaneti hufa nayo, kwa hiyo jaza chaji kila kitu tangu usiku na ununue bando la kutosha katika simu; saa moja ya video yaweza kula gigabaiti moja au zaidi.

Hayo ni ya vyombo. Lililonikosesha usingizi ni macho yako. Tulikulea uyainamishe mbele ya mkubwa, na hapa kwetu hiyo ni heshima. Katika video, mwenye kutazama chini huonekana anasoma majibu aliyoyaficha mezani. Tena ukiwatazama nyuso zao kwenye kioo, wao huona unatazama kando kidogo, kwa kuwa kamera iko juu. Unapojibu, itazame kamera yenyewe. Wanapouliza, watazame wao. Bandika kipande cha karatasi nyekundu pembeni mwa kamera kikukumbushe. Sauti nayo huchelewa kidogo njiani, hivyo swali likiisha vuta pumzi moja kabla ya kujibu, msije mkarukiana maneno.

Kisha lipo lile la kujisifu, ambalo najua litakushinda. Wakikuuliza una uwezo gani, utasema "najaribu tu", kama tunavyosema sote, nao wataliandika hivyo hivyo. Sikuambii ujivune. Wasimulie kisa cha Disemba, ulipogundua saa mbili usiku kuwa familia mbili zimeandikiwa chumba kimoja na hoteli imejaa: uliwapigia simu nani, uliwapangia wapi, uliwaambia nini wale watu waliokuwa wamesimama mapokezi na mizigo yao, na asubuhi ulibadilisha nini katika daftari la nafasi ili jambo lile lisirudi. Miaka 11 niliyokaa kwenye kamati ya kuajiri walimu, waliosema "mimi ni mchapakazi" nimewasahau wote, na aliyetueleza jinsi alivyofundisha darasa la watoto 70 kwa vitabu tisa namkumbuka hadi leo.

Lakini kisa hicho usikiandike ukakikariri, maana sauti ya anayekariri hujulikana. Kiseme kwa sauti, kwa Kiingereza utakachotumia siku hiyo, ukiwa umekaa kwenye kiti hicho hicho mbele ya kamera, mpaka kimalizike ndani ya dakika mbili. Kichwani kila mtu ni msemaji.

Jumapili, baada ya isha, nitakupigia kwa video kutoka darini, upepo na uwe vyovyote utakavyokuwa, nikuhoji kama nisiyekujua. Vaa nguo utakazovaa Jumanne. Mamako atakuwa kando yangu akisikiliza, nawe usimwamkie mpaka nimalize maswali. Nimeshamwambia, na hajapendezwa.

Babako