Kabla hamjamuaga babu wa lango, mkalisheni kwanza na kamati mpya

Assalamu alaykum. Wiki iliopita kuna mama kanipigia simu kutoka upande wa Micheweni, skuli yao mwalimu mkuu anastaafu, mlinzi nae anastaafu, na kamati ya skuli nayo imemaliza muda wake, yote mwezi mmoja, anataka nimwambie sie tulifanyaje mana kasikia shughuli yetu ya kuagana ilikua nzuri. Nkacheka. Nzuri ilikua kweli, pilau lilitosha na watu walilia, lakini yaliotupata baada ya pilau ndo nlotaka kumwambia, na kabla sijafika nusu salio likakata. Basi naandika hapa asome yeye na wengine.

Mie ni fundi wa charahani hapa Chake Chake, Pemba, nina watoto wanne na wote wamepita skuli moja, kamati nimekaa vipindi viwili. Uongozi sikuusomea. Nlichaguliwa kwa sababu siku ya mkutano nlochelewa kuingia, nliekaa nae ubavuni akanitaja haraka haraka ili yeye asitajwe. Ndo tunavochaguana wengi wetu, tusidanganyane.

Tuliaga watu watatu kwa mkupuo. Mwalimu mkuu, bi mkubwa wa usafi, na mzee wa lango ambae watoto wakimwita babu kengele, mana yeye ndo aliekua akigonga ile ringi ya gari iliotundikwa kwenye mwembe. Wote wamefika 60. Ukihesabu ni watoto wa 1964, mwaka ule ule elimu ilipotangazwa bila malipo, 23 Septemba, na bi mkubwa akipenda kusema yeye na elimu bure ni mapacha, ila mwenzake alikwenda skuli yeye akabakishwa jikoni.

Kosa letu ni hili, tuliaga kwanza, wajumbe tukatafuta baadae. Shughuli tukafanya Novemba kabla skuli haijafungwa, kamati mpya ikachaguliwa Februari. Hapo katikati skuli ikawa kama nyumba ya urithi, funguo zimejaa mkononi na hakuna anojua ipi ya mlango gani.

Januari jirani wa upande wa kaskazini akaanza kupanda migomba. Mstari mmoja, miwili, mitatu, tunatizama tu tunasema labda ya kivuli, halafu siku moja asubuhi tukakuta kamwaga mawe ya msingi. Tukamfata kwa adabu, akasema hapa ni kwa marehemu babaangu, kama ni pa skuli nionyesheni karatasi. Karatasi! Kabati la ofisi mchwa wamelila zamani, ramani ya kiwanja kila mtu anaisikia na hakuna alieiona kwa macho yake, sheha, kiongozi wetu wa mtaa, mwenyewe mgeni, ndo kwanza kaanza. Tukazunguka wiki mbili, ofisi hii, ofisi ile, njoo kesho, mwenye faili yuko Unguja. Mwisho mwalimu wa darasa la pili akasema, jamani, si tukamuulize babu kengele.

Tulimkuta barazani kwake anasuka dema la kuvulia samaki. Wala hakuinuka. Akasema mpaka wa skuli ni kisiki cha mkarafuu kilichoungua, kiko chini ya majani, hatua kumi na mbili kutoka kwenye karo la maji machafu, na siku mpaka unapimwa yeye alikuwepo na baba yake huyo huyo jirani alikuwepo, tena marehemu ndo aliekua kashika kamba. Tukenda tukakwatua majani, kisiki kile pale. Jirani alipopewa habari ya kamba akanyamaza, keshoyake migomba kaing'oa kwa mkono wake na hatukununiana, mana aliesema ni mzee ambae hata yeye akiwa mtoto kachelewa alimfungulia lango kimya kimya asichapwe.

Sasa huyo mzee tulikua tushamuaga. Tushampa bahasha, tushampiga picha, hakuna hata mmoja aliefikiria kumuuliza kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa, wajumbe wapya wapatikane muhula mzima kabla ya wazee kuondoka, na wakalishwe pamoja. Si kwa kikao cha chai. Wazunguke nae kiwanja, mmoja kashika simu anapiga picha, mwengine kashika kaunta buku anaandika. Sie tulikuja kufanya hivo baadae, siku tatu, babu mbele na kijiti chake. Bomba linapita wapi. Shimo la choo cha zamani liko wapi (liko chini ya pale tulipotaka kujenga maktaba, alhamdulillahi hatujachimba). Paa la darasa gani boriti yake imeoza na inapakwa rangi tu kila mwaka. Na bi mkubwa wa usafi nae ana yake ambayo mwalimu mkuu hayajui, mtoto gani anakuja hajala, mtoto gani analelewa na bibi yake haoni vizuri, mzazi gani ukimpelekea barua haji ila ukimwendea baada ya magharibi anakuja mpaka na jirani yake. Vitu hivi haviandikwi kwenye ripoti yoyote.

La pili ni sahihi za benki, na hili nalisema kwa uchungu. Akaunti ya skuli ilikua na sahihi mbili, ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati. Mwalimu mkuu kastaafu, mwenyekiti muda wake kwisha na keshahamia Unguja kwa mwanawe. Kubadilisha ikataka barua, muhtasari wa kikao kilichowachagua wapya, picha, vitambulisho, na barua yenyewe isainiwe na wale wa zamani! Yani pesa zetu tunaziona kwenye karatasi na bomba la choo cha wasichana linavuja miezi miwili. Tukachanga mifukoni. Nyie msingoje, kikao kile kile cha kuchagua wajumbe andikeni muhtasari, watu wakiwa bado wapo wasaini, mtu asiende kuagwa kabla hajapita benki.

Kwenye zawadi sitosema mengi. Mwalimu mkuu alirudi nyumbani na saa tatu za ukutani, moja ya walimu, moja ya wazazi, moja ya wanafunzi waliomaliza, na nyumba yake ina kuta nne, moja ina dirisha. Muulizeni mtu anataka nini, si aibu. Na mchango usilazimishwe, michango ya lazima skuli za msingi imefutwa tangu 2015, ukianza kumsimamisha mzazi kwenye grupu la WhatsApp mbona jina lako halipo unaleta fitna tu, mwenye kutoa atatoa, asie nacho aje apakue pilau.

Ila nimueleze bi mkubwa. Tulipomuuliza, kabla ya shughuli, yeye tu tulimuuliza kwa sababu mie ndo nlotakiwa nimshonee nguo nkenda kumpima, nkamwambia bi mkubwa unataka khanga gani tukununulie. Akanitizama. Akasema mwanangu khanga ninazo za kuzikiwa na kubaki, mie zawadi nataka mtu wa kunisomea karatasi zangu. Akatoa mfuko wa plastiki chini ya godoro. Kumbe barua ya ajira, ya 1992, imeandika jina lake kwa neno moja, kitambulisho cha Mzanzibari kimelikata maneno mawili, na cheti cha kuzaliwa kina jina la babu mahala pa jina la baba. Mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, ZSSF, ulianza 1998, ina maana karatasi zake za mwanzo ziko huko kabla, kwenye mafaili ya mkono. Na yeye alikua akijua kuna tatizo, miaka yote, anaona haya kusema kwamba hawezi kusoma akajua tatizo lenyewe liko wapi. Anafagia skuli na anaona haya kuingia ofisini kuuliza.

Tulihangaika nae miezi minne, kiapo cha jina, barua ya sheha, kwenda na kurudi, nauli za gari, na mara nyingi anajibiwa vizuri tu ila mtu mmoja hawezi kuyafata yote kama hajui kusoma. Alipata haki yake ya kustaafu, alhamdulillahi. Lakini mwenzake mmoja wa skuli nyengine nnaemjua alikaa zaidi ya mwaka anakopa unga dukani. Basi skuli ikiwa na mtu wa miaka 58, mwalimu au mlinzi au mpishi, kamati imwite faragha imwambie lete karatasi zako tuzitizame majina. Miaka miwili kabla. Mjumbe mmoja apewe kazi hio tu. Mie naona hio ni zawadi kuliko saa.

Na siku ya kuagana wenyewe wakae kivulini, wazungumze mwanzo kabla watu hawajachoka. Sie mgeni rasmi alichelewa masaa mawili, babu kengele kakaa juani na suti ya kuazima, zamu yake ilipofika kaambiwa dakika tatu.

Haya, wajumbe sasa, mana huyo mama wa Micheweni alilalamika hawapati watu, wametangaza mara mbili wamekuja wanaume saba na mwanamke mmoja. Nkamuuliza mkutano mliuweka lini, akasema Jumamosi saa nne asubuhi. Nkamwambia dada, tizama mwezi. Mkutano umeangukia bamvua, maji makubwa! Saa nne maji yametoka, wanawake wako pwani kwenye mwani, na wasio kwenye mwani wako kwenye pweza, utampata nani. Weka siku za maji mafu, bahari haitoki sana, au weka alasiri, na usiweke msimu wa karafuu, karafuu zikiiva hata mwalimu umtafute juu ya mkarafuu.

Halafu msichague mtu kwa sababu ana gari. Wala kwa sababu anasema sana mkutanoni, wa kusema sana tunao wa kutosha kwenye mabaraza ya kahawa. Kamati yetu ya zamani ilikua na wazazi watano wenye watoto darasa la sita, mwaka ukaisha watoto wametoka na wao miguu imekatika, vikao tunakaa watatu. Tafuteni mzazi mwenye mtoto wa maandalizi au darasa la kwanza, huyo ana miaka sita mbele yake, choo kibovu kinamuuma kweli. Tafuteni fundi mwashi mmoja, hata kama hasemi neno, mana bei ya simenti na mchanga huwezi kumdanganya. Mtu mmoja anoandika vizuri. Na lazima awepo mmoja anoweza kumwambia mwalimu mkuu hapana, bila kumvunjia heshima, hio ni kazi ngumu kwetu, mwalimu kwetu ni mzazi na wengine ndo aliekusomesha wewe mwenyewe.

Waambieni ukweli pia. Posho hakuna. Soda ipo, na siku nyengine hata soda haipo. Aliekuja kwa posho bora ajiondoe siku ile ile kuliko mwezi wa tatu.

Na mtu wa mwisho nnaemsifia ni bibi wa maandazi. Sie tulimchagua kwa mzaha kwanza, kuna kijana alimtaja kwa kucheka, mana anauza pale langoni mwaka wa kumi huu, nkainua mkono nkasema nnaunga mkono, na sicheki. Kila mtoto anopita anamjua, anoingia saa mbili na anotoka kwa upenuni anamjua. Wenye elimu zao wakaguna, akapita kwa kura.

Kikao cha kwanza kakaa kimya kapiga buibui lake, mwalimu mkuu mpya anasoma ripoti ya ukarabati, simenti mifuko 40, kokoto, mbao, wajumbe wote tunatikisa vichwa. Bibi akainua mkono. Akasema maalim, samahani mwanangu, mie nakaa lango lile kutoka alfajiri mpaka skuli inafungwa, na gari zilizoingia nimezihesabu kwa sababu zinanipiga vumbi kwenye maandazi, mifuko nlioiona ni 36.

Kimya. Ikatafutwa risiti, 40. Akapigiwa simu mwenye duka, akasema ndio, minne iko hapa, gari ilijaa, nlisema mtakuja kuifata hamkuja. Miezi miwili imekaa huko. Tukaifata jioni ile ile na gari ya ng'ombe, bibi kakaa mbele karibu na mwenye ng'ombe, anahesabu.