Folda za imeili zipe majina ya kazi, siyo ya watu

Mimi naagiza spea za magari Dubai na imeili ndo ofisi yangu, kwa hiyo hili la folda nalijua vizuri. Folda ipe jina la kazi utakayokuwa unafanya siku unaitafuta hiyo imeili, usiipe jina la aliyeituma, maana wanaotuma hawana mwisho na ukianza kumfungulia kila mtu ya kwake utakuwa na folda kibao ambazo huzikumbuki. Mimi ninazo chache tu, Mizigo, Kodi, Benki, Wateja, basi.

Ndani ya Mizigo ndo kuna folda ndogo, kila kontena na yake, na jina naanza na mwaka na mwezi, mfano 2025-03 Dubai, ukiandika hivyo zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Humo naweka invoisi, pakingi listi (orodha ya vilivyomo), B/L (hati ya mzigo ya meli) na za wakala wa forodha, sasa wakala akinipigia yuko bandarini anataka karatasi fulani nafungua sehemu moja namtumia hapo hapo.

Wa Gmail mjue kule hamna folda hasa, kuna lebo, na mimi nazipenda sana kwa sababu imeili moja inabeba hata mbili, risiti ya ushuru inakaa Mizigo na Kodi pia, halafu ukifuta lebo imeili zenyewe zinabaki. Outlook siyo hivyo! Ukifuta folda inaondoka na vilivyomo, angalia kwanza.

Kupanga kwa mkono kila siku utachoka, tengeneza filta, yaani maelekezo ya imeili kujipanga zenyewe zikiingia. Ingia Gmail kwenye kompyuta, bonyeza kale ka alama pembeni ya sehemu ya kutafutia, andika anwani ya imeili ya benki yako, endelea mbele uchague lebo. Kuna chaguo la kuruka inboksi, hilo weka kwa matangazo tu, za benki na forodha tafadhali ziache zipite inboksi uzione, kwa sababu kontena likipitisha siku za bure bandarini storeji inaanza kuhesabiwa na hela hiyo hairudi.

Na zile za zamani usizihamishe moja moja, hapo hapo kwenye filta kuna kiboksi cha kuihusisha na imeili zilizopo tayari, kitiki, zote zinapata lebo kwa mpigo.