Mzunguko wa Pili Uko Wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa maabara yetu alinijia na grafu iliyochapishwa, uso umemng'aa, akanionyesha kitanzi cha histeresisi, yaani pengo kati ya halijoto ya kubadilika sampuli ikipashwa na ikipozwa, chenye upana wa kelvini 55 alichokipata katika kampaundi yake mpya ya chuma(II). Nilimwuliza amepasha na kupoza mara ngapi. Akajibu kuwa ni mara moja, na moyo wangu ukashuka, kwa sababu grafu kama ile niliwahi kuichora mimi mwenyewe. Ndiyo maana ninawaandikia, wadogo zangu mnaoanza kazi ya badiliko la spini, yaani kampaundi kuhama kati ya hali ya spini ya chini na ya spini ya juu.

La kwanza ni la nadharia. Tafadhali msiseme tena vikaoni kwamba joto huzirusha elektroni kutoka ngazi ya chini hadi ya juu, kisha mkaishia hapo. Katika spini ya chini elektroni sita za chuma(II) zimekaa jozi jozi, na katika spini ya juu nne kati yake hazina jozi, huku bondi za chuma na nitrojeni zikirefuka kutoka angstromu 2.0 hivi hadi karibu 2.2. Bondi ikirefuka hulegea, na molekuli hupata namna nyingi zaidi za kutikisika. Spini peke yake huchangia entropia (kipimo cha wingi wa namna ambazo molekuli inaweza kuwa) ya R ln 5, yaani jouli 13.4 kwa kelvini kwa moli, ilhali jumla inayopimwa kwa kawaida huwa kati ya 50 na 80, na sehemu kubwa ya ziada hiyo hutokana na mitikisiko. Kwa kuwa T½, halijoto ambayo nusu ya molekuli zimebadilika, ni badiliko la entalpia likigawanywa kwa badiliko la entropia, chochote kinachoigusa fuwele kinaweza kuihamisha, iwe ni ayoni hasi, kusaga sampuli, au kiyeyushi kilichojificha kati ya molekuli.

La pili ni hicho kiyeyushi, nalo ndilo lililonigharimu.

Nilikuwa na fuwele za zambarau zilizokua katika methanoli, ndogo, zenye kingo kali, zinazong'aa chini ya hadubini. Nilizipima katika magnetomita kuanzia 300 K kwenda juu. Thamani ya χT (wepesi wa sampuli kusumakika ukizidishwa kwa halijoto) ilibaki karibu na sifuri, kisha ilipofika kama 340 K ikapanda ghafla hadi 3.4 cm³ K mol⁻¹, thamani ambayo kila mmoja wetu angeitarajia kwa chuma(II) cha spini ya juu. Nilipopoza, haikushuka mpaka 270 K. Kelvini 70! Kampaundi maarufu ya triazoli, [Fe(Htrz)₂(trz)](BF₄), ambayo sote tunaipigia mfano, hubadilika karibu na 385 K ikipashwa na karibu na 345 K ikipozwa, yaani kelvini 40 tu. Usiku ule sikulala. Nilipasha tena hadi 360 K, nikairudisha sampuli kwenye 300 K na kuitoa, nikaikuta nyeupe ilhali fuwele zilizobaki kwenye kichupa zilikuwa bado za zambarau, nikaamini kwamba ninaona kwa macho yangu hali mbili za kitu kimoja katika halijoto moja, mle mle ndani ya kitanzi. Niliwaonyesha wenzangu. Nilianza kuandika makala. Kwa miezi mitatu nilijenga maelezo ya jinsi molekuli zilivyoshikana, nikayapenda, na kila jambo nililolisoma likaonekana kuyathibitisha.

Msimamizi wangu aliisoma rasimu, akaweka kidole kwenye mchoro wa kwanza na kuuliza, "Mzunguko wa pili uko wapi?" Haukuwepo. Upashaji ule wa pili niliufanya haraka bila kurekodi kitu, kwa kuwa nilidhani najua utakavyokuwa. Nilirudi maabara jioni ile ile, nikaichukua ile kapsuli nyeupe na kuitumbukiza katika nitrojeni ya kimiminika. Ikawa ya zambarau. Kama histeresisi ingekuwa ya kweli, ingepaswa kubaki na rangi hiyo ikirudi kwenye joto la chumba. Nikaishika kwa kibano na kuitazama ikipata joto: kabla barafu iliyoganda juu yake haijaisha kuyeyuka, unga ulikuwa umeshageuka mweupe. Nilipopima uzito, miligramu 14.2 nilizoweka zilikuwa zimebaki 13.3, upungufu unaolingana na molekuli moja ya methanoli kwa kila atomu ya chuma. Kilichopanda kwenye 340 K kilikuwa kampaundi yenye methanoli ikiipoteza, na kilichoshuka kwenye 270 K kilikuwa kampaundi nyingine kavu, isiyo na kitanzi chochote. Nilikuwa nimeunganisha maisha ya vitu viwili nikayaita kimoja.

Kwa hiyo pimeni uzito kabla na baada, fanyeni mizunguko mitatu, na mkumbuke kwamba chumba cha sampuli huvutwa hewa kwa pampu kabla hata hamjaanza, hivyo fuwele iliyopigwa eksirei ikiwa ndani ya mafuta na unga uliomo kwenye kapsuli huenda si kitu kimoja.

Mengine ni ya haraka. Kasi ya kupasha ibadilisheni, maana kitanzi kinachopungua kila mnapokwenda polepole kina sehemu isiyo ya kampaundi yenu. χT ikishuka chini ya 20 K katika sampuli iliyobaki spini ya juu, huo kwa kawaida ni mgawanyiko wa ngazi bila uga wa sumaku, si badiliko la spini, na kinundu karibu na 50 K mara nyingi ni oksijeni iliyoingia. Tumieni vijiko vya plastiki, maana vya chuma huweza kuacha chembe zenye sumaku. Rangi isaidie, isiamue: kampaundi nyingi za triazoli hutoka zambarau na kuwa nyeupe, lakini katika Fe(phen)₂(NCS)₂, inayobadilika karibu na 176 K, rangi nzito ya uhamisho wa chaji hufunika hayo yote. Kwa myeyusho, msisahau kwamba msongamano wa kiyeyushi hubadilika na halijoto, na hesabu ya kipimo cha Evans (cha usumaku wa myeyusho kwa NMR) lazima iufuate.

Kijana yule sikumwambia grafu yake ni kosa, kwa sababu bado hatujui. Tuliipima kapsuli pamoja, ikawa imepungua miligramu 0.6, akanyamaza kidogo, kisha akaomba muda wa mashine. Sampuli iliingia leo asubuhi, mizunguko mitatu, kelvini 1 kwa dakika, na ninapoandika haya yeye amekaa mbele ya skrini akisubiri upashaji wa pili ufike 300 K.