Kalamu ipi ni ya "rangi ya ngozi"?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninatengeneza kadi za mikono hapa Moshi, za kipaimara, za harusi na za pongezi, na nyuso ninazipaka kwa zile kalamu za rangi zenye wino wa alkoholi. Sasa ninaandaa maelezo ya maandishi kwa akina mama ninaowafundisha. Mmoja anasisitiza kwamba kalamu ya rangi ya pichi ndiyo "rangi ya ngozi". Mwingine anataka ngozi yetu iandikwe "nyeusi". Mimi nilikuwa nimeandika "maji ya kunde". Nani yuko sahihi? Na kalamu zenyewe, niziite "kalamu za pombe"?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Kinachoyeyusha rangi ndani ya kalamu hizo ni alkoholi kweli, lakini kwa Kiswahili pombe ni kinywaji, na atakayekutana na "kalamu za pombe" katika maelezo yako atacheka kabla hajachora. Andika "kalamu za spiriti", maana spiriti ndilo jina tulilolizoea kwa kitu chenye harufu kali, kinachokauka upesi na kisichonywewa. "Maka za spiriti" nalo halina kosa, iwapo ndivyo mnavyosema darasani.

Katika yale majina matatu, la kwanza ndilo ninaloshauri lifutwe. "Rangi ya ngozi", kwa umoja na bila neno jingine la kulifafanua, hudai kwamba ngozi ina rangi moja tu, na rangi hiyo ikiwa ni pichi, basi mabibi harusi wengi wa Kilimanjaro hawatajiona kwenye kadi zao. Kosa hili hatukulizua sisi. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliuza kwa miaka mingi krayoni ya namna hiyo kwa jina lenye maana ya nyama ya mwili, ikaja kulibadilisha kuwa pichi mwaka 1962, na mwaka 2020 ikatoa pakiti ya krayoni 24 zilizokusudiwa kwa ngozi za watu wa pande zote za dunia. Kwa hiyo andika "rangi za ngozi", kwa wingi, kama jina la kundi zima la kalamu, kisha utaje unayoitaka ni ipi.

"Nyeusi" ina tatizo la namna nyingine, na ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mizizi ya rangi inayopokea viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni mitatu tu, yaani -eusi, -eupe na -ekundu, na mizizi hiyo tunaitumia kwa watu tofauti na tunavyoitumia kwa vitu. Tunaposema fulani ni mweupe, aghalabu tunamlinganisha na ndugu zake au majirani zake, wala hatumlinganishi na karatasi. Msichana anayeitwa mweupe nyumbani kwao ni wa kahawia kabisa akisimama kando ya ukuta uliopakwa chokaa. Hata yule tunayemwita mweusi tii hana uso wenye rangi ya masizi. Kalamu, kwa upande wake, haina jamaa wa kulinganishwa nao: kalamu nyeusi ni nyeusi. Mwanafunzi akisoma "paka uso rangi nyeusi" na akatii, atayafunika macho, pua na mdomo, kwa kuwa mistari ya vyote hivyo imechorwa kwa wino huohuo mweusi.

Basi tenga sifa ya mtu na jina la wino. "Bibi harusi mweusi" ni Kiswahili safi katika sentensi inayoeleza anayechorwa ni nani, lakini katika sentensi inayoeleza kalamu ya kushika, taja kahawia, ukikumbuka kwamba neno hili halipokei kiambishi bali huunganishwa kwa -a: kalamu ya kahawia, uso wa kahawia, mashavu ya kahawia. (Jina limetokana na kahawa, nayo ni ile iliyokwisha kukaangwa, mtu wa Moshi ana haki ya kushangaa, maana ikiwa mtini kahawa iliyoiva ni nyekundu.)

Wewe, kwa "maji ya kunde", umekaribia kuliko wenzako. Usemi huu hutaja ngozi ya katikati, isiyo nyeusi sana wala nyeupe sana, na una faida ya kubeba rangi inayoonekana kwa macho, yaani kahawia yenye wekundu. Hata hivyo ni jina la ngozi moja miongoni mwa nyingi, na ukiliandika kwa kila kadi utakuwa umelirudia kosa la pichi. Lifanye kuwa rangi ya katikati, kisha useme "kahawia nyepesi" kwa upande mmoja na "kahawia iliyokolea" kwa upande wa pili. Kama kalamu zenu ni za Copic ya Japani, kahawia zake zimepangwa chini ya herufi E, iliyochukuliwa kutoka neno la Kiingereza la udongo, na katika kundi moja tarakimu ya mwisho ikiongezeka rangi huzidi kukolea, kwa hiyo E15 imekolea kuliko E11. Kalamu nyingine huwa na namba zake, hivyo namba iandikwe kando ya jina la Kiswahili, isichukue nafasi yake.

Kuna maneno mengine ambayo hukuyauliza lakini yatakusumbua. Kinyume cha rangi iliyokolea ni rangi nyepesi au iliyofifia, lakini usiandike "iliyopauka", kwa sababu ngozi iliyopauka ni ile iliyokosa mafuta, na hakuna bibi harusi atakayekushukuru. Usiandike pia "kijivu" pale unapokusudia "kivuli": kijivu ni rangi ya jivu, na uso wa kahawia ukitiwa kivuli kwa kalamu ya kijivu hupauka kwelikweli. Kuhusu kule kulainisha mahali rangi mbili zinapokutana, "kuchanganya" linaeleweka, ila mimi ningependelea "kuyeyusha mpaka", kwa kuwa spiriti ya kalamu ya pili huuyeyusha wino wa kwanza.

Sentensi ya maelezo yako inaweza basi kusomeka hivi: "Paka uso wote kwa kahawia nyepesi, tia kivuli chini ya kidevu na pembeni mwa pua kwa kahawia iliyokolea, kisha, kabla wino haujakauka, rudi na ile nyepesi uuyeyushe mpaka."