Usichapishe hiyo ahadi kwenye lebo

Mkuu, simamisha oda ya lebo leo hii. Salamu baadaye.

Umesema unatengeneza sabuni ya maji hapo Morogoro, unachagua kati ya yatima, upandaji miti na timu ya mtaa, na kuna mtu kakushauri uandike kwenye chupa kuwa asilimia 5 ya mauzo inarudi kwa jamii. Hapo hapo ndipo nilipozama mimi.

Nina bekari Mbagala. Mwishoni mwa 2021 mshauri wa biashara, niliyemlipa kwa pesa yangu, alinitafutia kituo cha yatima nje ya mji. Tulikwenda mara moja, tukapiga picha na watoto, nikachapisha mifuko 100,000 kwa kuwa ukichapisha mingi bei inashuka: "Shilingi 100 ya kila mkate ni ya yatima." Nilikuwa natoa mikate 400 kwa siku. Hiyo ni 40,000 kila siku, milioni 1.2 kwa mwezi, na faida yangu kwa mkate haikufika 200! Zaidi ya nusu nimeshaigawa kabla sijamlipa kijana wa tanuri.

2022 vita ya Ukraine ikaanza, unga wa ngano ukapanda. Wenzangu walipunguza matumizi wakapumua. Mimi stoo imejaa mifuko yenye ahadi. Kuendelea kuitumia bila kutoa ni kumwibia mteja, kuitupa ni hasara. Nikakopa kwenye kikoba ili nitimize maneno yaliyoandikwa kwenye nailoni.

Halafu mama mmoja anayeuza chai stendi ya Rangi Tatu akaniuliza kama kituo kina leseni. Sikuwahi kuuliza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka leseni, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kilipo kituo wanakujibu ukifika. Nikafika. Hawakitambui. Watoto wakahamishwa, na pesa zangu kumbe zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mtu binafsi. Kila genge nikipita: "Zile mia zetu ziko wapi?" Niliona aibu kupeleka mkate mwenyewe, nikawa namtuma bodaboda.

Na yule mshauri aliniambia kodi itapungua. Uongo mtupu! Sisi wadogo tunaokadiriwa kodi kwa mauzo, si kwa faida, sadaka haipunguzi hata senti. Nilipompigia akasema biashara ina mapito. Mapito yangu, ada yake.

Sasa shika hili: saidia mahali unapofika kwa miguu, toa kitu unachotengeneza mwenyewe, na mteja usimwahidi chochote. Nyuma ya bekari kuna shule ya msingi, darasa la saba hubaki jioni kujisomea. Jumanne na Alhamisi napeleka mikate 30. Mwezi ukiwa mbaya namwambia mwalimu mkuu, inakuwa 15, na hakuna aliyedanganywa. Nasimama mlangoni nawaona wakila. Shule hiyo hiyo ilishaniomba mikate wakati ule wa mifuko, nikawajibu kwamba tayari nina yatima wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko deni la kikoba.

Wewe una sabuni. Kesho asubuhi nenda shule iliyo karibu nawe, uombe kuona vyoo vya wasichana, uangalie kama kuna cha kunawia. Mwulize mwalimu wanatumia lita ngapi kwa wiki, kisha urudi hapa utuambie.

Lebo umeisimamisha?