Ruta inakataa nisiingie kwa mbali, nianzie wapi?

Swali: Habari za kazi kaka. Mimi ni fundi mtandao hapa Dar, nasimamia ruta za Cisco kwenye saiti za Kimbiji, Mbagala na Bunju. Kuna wakati moja inagoma nisiingie kwa telnet (njia ya kuingia kwenye ruta kwa mbali), ila ping (kipimo cha kuona kama ruta ipo hewani) inajibu na wateja wanapata huduma kama kawaida, mpaka mtu aende akaizime na kuiwasha. Pia kwenye mfumo wa ufuatiliaji zote zinasomeka "Router", sijui ipi ni ipi. Nifanyeje?

Jibu: Salama kaka. Kwanza usimtume tena mtu kuzima ruta, unawakatia wateja bure wakati kilichojaa ni sesheni tu, yaani nafasi za kuingia kwa mbali. Line vty 0 4, yaani milango ya kuingilia namba 0 mpaka 4, ni sesheni tano, wa sita anakataliwa, na kwa unavyoeleza nahisi kuna mtu aliweka exec-timeout 0 0, yaani muda wa kumtoa aliyekaa kimya umezimwa, ili asitolewe akiwa kazini, sasa laptopu yake ikizimika au linki ikikatika katikati ile sesheni inabaki imening'inia, ruta inadhani mtu bado yupo. Rudisha dakika 10 kama inavyotoka kiwandani halafu ongeza service tcp-keepalives-in ili igundue upande wa pili haupo. Zilizokwama utaziona kwa show users, unazitoa kwa clear line vty na namba yake, na kama zote zimejaa mtu wa saiti achomeke kebo ya konsoli afanye hivyohivyo bila kuzima kitu.

Telnet achana nayo, paswodi inapita wazi kabisa njiani, hamia SSH, inayoingia kwa mbali vilevile ila inaficha kinachopita. Ila hapa ndipo wengi wanakwama: jina linatangulia. Ukiandika crypto key generate rsa, komandi ya kutengeneza ufunguo wa SSH, ruta ikiwa bado inaitwa Router inakukatalia, inataka hostname (jina lake) na ip domain-name (jina la domeni) kwanza, ndipo utengeneze ufunguo wa biti 2048. Kwahiyo kaa na wenzako mkubaliane mpangilio mmoja wa majina, mfano DSM-KIMBIJI-R1, kila ruta na lake. Ipe na Loopback0, intafeisi ya kufikirika ndani ya ruta isiyo na kebo, yenye anwani ya /32 (anwani moja pekee), maana intafeisi ya linki ikianguka anwani yake inaondoka nayo, ila loopback inabaki na unaifikia kwa njia nyingine kama ipo. Logi nazo zitoke hapohapo kwa logging source-interface Loopback0, na logging origin-id hostname ili jina lionekane kwenye seva.

Halafu chonde chonde, ukiweka transport input ssh (kuruhusu SSH tu) na login local (kudai jina na paswodi zilizo ndani ya ruta) weka kwenye line vty 0 15 yote, watu wanafunga 0 4 wanasahau 5 mpaka 15, mlango unabaki wazi na wao wanaamini wamefunga.

Kabla hujagusa chochote kwa mbali andika reload in 10, yaani ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10, ikiuliza kusevu jibu no, ukijifungia nje itarudi yenyewe na konfigi ya zamani. Ukimaliza fungua dirisha la pili ujaribu SSH, la kwanza usilifunge, ikikubali ndiyo uandike reload cancel kufuta huko kujiwasha, kisha write memory kusevu.

Kama hiyo komandi ya ufunguo haipo kabisa, angalia show version, jina la faili la IOS (programu endeshi ya ruta za Cisco) linatakiwa liwe na k9, alama ya kwamba ina usimbaji, bila hiyo SSH haitakubali, nitumie modeli ya ruta tuangalie.